Mwongozo Kamili wa Kuingiza Plasmidi Ndani ya Bakteria Katika Maabara ya Joto la Pwani

Sahani nyingi ninazoletewa zimefunikwa vizuri, zimeandikwa tarehe, na hazina kitu. Aliyeileta amefuata maelezo neno kwa neno: amechanganya plasmidi, yaani duara dogo la DNA, na bakteria, amewaweka kwenye barafu, amewapasha joto, amewatandaza juu ya agari, jeli ya kukuzia bakteria, yenye ampisilini, dawa ya kuua bakteria, kisha amesubiri hadi siku ya pili, na hakuna hata nukta moja iliyoota. Wengine huleta sahani iliyojaa hadi ukingoni wakiwa na furaha, mpaka niwaulize iko wapi sahani ya kulinganishia, na hapo ndipo inapobainika kwamba kilichoota ni bakteria walewale wa mwanzo, ambao hawakupokea chochote.

Maelezo yanayotumika mashuleni na vyuoni yaliandikwa kwa ajili ya vyumba vyenye kiyoyozi. Hapa Malindi, hasa wakati wa kaskazi, chumba kisicho na kiyoyozi huzidi nyuzi 30 kabla ya adhuhuri, na kichupa kilichotolewa kwenye barafu huanza kupata joto kabla mtu hajamaliza kutafuta kalamu. Kwa hiyo mwongozo huu unasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: kuilinda baridi tangu seli zinapovunwa hadi zile sekunde 45 ambazo joto linatakiwa.

## Kinachotendeka ndani ya kichupa

Plasmidi ni duara dogo la DNA linalonakiliwa ndani ya bakteria, mbali na kromosomu yake. Tutakayoitumia hapa ni pUC19, yenye jozi 2,686 za besi. Imebeba mahali pa kuanzia unakili, ambapo vimeng'enya vya bakteria hujishika na kuanza kazi. Jeni ya kutengeneza kimeng'enya kinachovunja ampisilini. Na eneo ambamo jeni ngeni inaweza kupachikwa. Jeni ngeni ikiwa peke yake ni shehena isiyo na chombo: haina mahali pa kuanzia unakili, na ikiwa ni kipande kilichonyooka kisichofungwa duara, bakteria huikatakata. Ikishapachikwa ndani ya plasmidi, husafiri nayo na kunakiliwa nayo, na pUC19 hufikia mamia ya nakala katika kila seli.

Bakteria wa E. coli hawapokei DNA kwa urahisi. DNA ina chaji hasi, uso wa bakteria nao una chaji hasi, na vitu viwili vya namna hiyo hukimbizana. Kalsiamu, ambayo ina chaji chanya, huzifunika chaji hizo ili DNA iweze kukaa karibu na utando. Baridi huutuliza utando, na joto la ghafla la nyuzi 42 huuvuruga kwa muda mfupi, DNA ikapata pa kupita. Hata kazi ikifanywa vizuri sana, seli zinazopokea plasmidi ni chache mno kati ya zote, na ndiyo maana tunahitaji ampisilini ya kuziua zile ambazo hazikupokea.

Seli zilizoandaliwa kwa kalsiamu na baridi nitaziita seli pokezi.

## Ruhusa kabla ya kuanza

Hii ni kazi ya kubadilisha kiumbe kijenetiki, hata kama kiumbe chenyewe hakionekani kwa macho. Nchini Kenya inasimamiwa na sheria ya usalama wa kibayolojia ya mwaka 2009, na mamlaka iliyoundwa chini ya sheria hiyo ndiyo inayotoa vibali. Ifanyeni katika maabara ya shule, chuo au taasisi yenye msimamizi anayejua kibali chake kinaruhusu nini. Isifanywe nyumbani, na chombo chochote kilichotumika humu kisirudi jikoni.

## Vitu vinavyohitajika

Viandae vyote kabla ya siku ya kazi. Kitu kinachotafutwa wakati seli ziko mezani ndicho kinachoharibu kazi.

- Bakteria wa E. coli wa aina ya DH5-alfa, ambao ni wa jamii ya K-12 isiyosababisha ugonjwa kwa mtu mwenye afya.
- Plasmidi ya pUC19 safi, nanogramu 1 katika kila maikrolita, pamoja na plasmidi yako mwenyewe ikiwa unayo.
- Triptoni (chakula cha bakteria kitokanacho na protini), dondoo ya hamira, chumvi safi na agari.
- Ampisilini ya maabara, iliyoyeyushwa kwa kiasi cha miligramu 100 katika mililita moja ya maji, ikachujwa kwa kichujio cha maikromita 0.22 na kugandishwa katika vichupa vidogo. Vidonge vya duka la dawa havifai, kwa sababu vimechanganywa na vijazo, na vingine vina kloksasilini ndani yake, hivyo huwezi kujua umepima nini.
- Kloridi ya kalsiamu, na gliseroli kwa wenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.
- Maji yaliyokenekwa. Maji ya visima vya mwambao yana chumvi, nayo huvuruga kipimo cha kila kitu.
- Maikropipeti na ncha zake, vichupa vya mililita 1.5, sahani za petri, kijiti cha kutandazia, taa ya spiriti, glavu na koti la maabara.
- Sentrifuji, yaani mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi ili seli zishuke chini, na kama ipo, yenye ubaridi ndani yake.
- Mashine ya kusafishia kwa mvuke, au sufuria ya presha iliyotengwa kwa ajili ya maabara tu.
- Vipimajoto viwili vya maabara. Kipimajoto cha homa hakifai, kwa maana mwisho wake ni nyuzi 42, na huwezi kujua kama maji yamepita hapo.
- Barafu nyingi, kuliko unavyodhani.

Neno moja kuhusu agari. Mwani unaolimwa katika pwani yetu, hasa upande wa Kwale, hutoa karajini, si agari, na vitu hivi viwili haviko sawa katika kuganda wala katika kustahimili joto. Usibadilishe kimoja kwa kingine.

## Hatua ya 1: Iandae barafu na uhakikishe vipimajoto

Barafu ya magogo inayouzwa kwa ajili ya samaki ni ya bei nafuu na hupatikana alfajiri, nami huitumia. Lakini ina mambo matatu ya kuangaliwa.

Kwanza, uliza kama imegandishwa kwa maji yasiyo na chumvi au maji ya chumvi. Barafu yenye chumvi hushuka chini ya sifuri, na seli zilizolowekwa kwenye kalsiamu zikiganda polepole bila gliseroli hupasuka. Pili, gogo zima halifai: kichupa kilichoegemezwa kwenye pande la barafu hupoa upande mmoja tu huku upande wa pili ukiguswa na hewa yenye joto. Ponda barafu iwe vipande vidogo, kisha uongeze maji baridi mpaka iwe kama uji mzito unaokizunguka kichupa kote. Tatu, barafu hiyo si safi, kwa hiyo kila kichupa kipanguswe kwa spiriti kabla ya kufunguliwa.

Tumbukiza vipimajoto vyote viwili katikati ya uji huo wa barafu. Visome kati ya sifuri na nyuzi 1. Vikisoma chini ya sifuri, barafu ina chumvi, ibadilishe. Baadaye vitie kwenye maji yanayochemka: Malindi iko usawa wa bahari, kwa hiyo vinatakiwa visome nyuzi 100 au karibu sana na hapo. Kipimajoto kinachokosea hapa kitakosea pia kwenye nyuzi 42, mahali ambapo makosa hayasameheki.

Niliwahi kupoteza kazi ya majuma kadhaa, sahani baada ya sahani zikitoka tupu, nikabadilisha plasmidi, nikabadilisha bakteria, nikabadilisha hata maji. Siku nilipotumbukiza kipimajoto kwenye kibeseni changu cha barafu kilisoma nyuzi 7, kwa sababu barafu ilikuwa imeyeyuka chini na kubakia juu tu. Tangu siku hiyo kipimajoto hakitoki kwenye barafu hadi kazi iishe.

## Hatua ya 2: Tengeneza sahani za agari

Kwa mililita 400, zinazotosha sahani 20 hivi, pima triptoni gramu 4, dondoo ya hamira gramu 2, chumvi gramu 4 na agari gramu 6. Jaza maji yaliyokenekwa, kisha safisha kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 20. Tengeneza pia mililita 200 za mchanganyiko huohuo bila agari, ambao nitauita mchuzi.

Wanaotumia sufuria ya presha wahakikishe kwamba inafikia shinikizo la ratili 15 kwa kila inchi ya mraba, kwa sababu ni shinikizo hilo ndilo linaloleta nyuzi 121 huku pwani. Sufuria nyingi za nyumbani hazifiki hapo. Muda uhesabiwe tangu mvuke unapotoka kwa nguvu, si tangu moto unapowashwa, na kifuniko kisifunguliwe kabla shinikizo halijashuka lenyewe.

Gawa agari katika chupa mbili. Chupa moja haitapata ampisilini. Nyingine iache ipoe hadi nyuzi 50 au 55, ndipo uitie ampisilini: mililita 0.1 ya myeyusho kwa kila mililita 100 za agari, ili upate maikrogramu 100 katika kila mililita. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ampisilini ikitiwa kwenye agari ya moto huvunjika, sahani ikaonekana nzuri ilhali haina dawa. Ukisubiri kupita kiasi, agari huganda kwenye chupa inapokaribia nyuzi 40. Kipimo cha mkono ni hiki: chupa ishikike kwa kiganja bila kukuunguza, lakini uhisi joto lake.

Mimina kwenye sahani karibu na mwali wa taa ya spiriti, pangaboi likiwa limezimwa na madirisha yamefungwa, kwa sababu upepo wa kusi hubeba vumbi na vijidudu moja kwa moja hadi mezani. Sahani zikishaganda ziandike upande wa chini, ziache zikauke, kisha zihifadhi kwenye friji zikiwa zimepinduliwa. Zenye ampisilini zitumike ndani ya majuma manne.

Sahani nzuri ina uso laini usio na matone ya maji wala mapovu, na baada ya kulazwa usiku mmoja kwenye nyuzi 37 bila kuwekwa chochote, haioti kitu. Lifanyeni jaribio hilo kwa sahani moja katika kila mkupuo.

## Hatua ya 3: Kuza bakteria hadi umri unaofaa

Jioni, chukua koloni moja, yaani nukta moja ya bakteria iliyojitenga, uitie kwenye mililita 5 za mchuzi na uiache nyuzi 37 ikitikiswa usiku kucha. Alfajiri, kama saa kumi na mbili, hamisha mililita 1 ya mchuzi huo kwenye mililita 100 za mchuzi mpya, ndani ya chupa ya mililita 500. Nafasi iliyobaki ni ya hewa, kwa sababu bakteria wanaotikiswa bila hewa ya kutosha hukua kwa kusuasua.

Baada ya saa mbili hivi anza kupima ukungu wa mchuzi kwa spektrofotomita, mashine inayopima jinsi mchuzi unavyozuia mwanga, kwenye mwanga wa nanomita 600. Unataka 0.35 hadi 0.4. Katika umri huo seli zinagawanyika kwa kasi, na ndizo zinazoitikia kalsiamu vizuri, zikishafika 0.6 na zaidi, uwezo wao wa kupokea hushuka. Ukichelewa, usijipe moyo kwamba seli nyingi zitafidia. Chukua mililita 1 ya mchuzi wa jana uliobaki uanze upya.

Asiye na spektrofotomita aangalie mchuzi kwa kuweka karatasi yenye maandishi nyuma ya chupa: uwe na ukungu, lakini maandishi yasomeke.

## Hatua ya 4: Ziandae seli pokezi

Myeyusho wa kloridi ya kalsiamu uwe wa moli 0.1 kwa lita. Soma lebo ya chupa kabla ya kupima: kwa mililita 100, ile yenye molekuli mbili za maji hupimwa gramu 1.47, na ile kavu kabisa gramu 1.11. Kemikali hii hunyonya unyevu wa hewa kwa pupa, na hewa ya Malindi au Lamu ina unyevu tele. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana na sasa ina madonge yaliyolowa haifai tena, kwa kuwa sehemu ya uzito unaopima ni maji. Myeyusho usafishwe kwa kuchujwa, kisha ulazwe kwenye friji.

Lichovye lile chupa la bakteria kwenye uji wa barafu kwa dakika 20, ukilizungusha polepole. Kuanzia hapa hakuna kitu kinachogusa seli kisichokuwa baridi: pipeti, vichupa, myeyusho, hata chombo cha sentrifuji ambacho hulazwa kwenye friji tangu usiku ikiwa mashine yenyewe haina ubaridi.

Zungusha kwa dakika 10 kwa nguvu ya mara 3,000 ya mvutano wa dunia, kwenye nyuzi 4. Mimina mchuzi wote kwenye chombo cha taka za kusafishwa. Ongeza mililita 20 za kalsiamu baridi na uzitawanye seli kwa kuzungusha chombo kwa mkono ndani ya barafu. Usizipige kwa pipeti wala usizitikise kwa mashine. Seli hizi sasa ni dhaifu kama yai lisilo na ganda. Ziache kwenye barafu dakika 30, zungusha tena kama mwanzo, na sasa uzitawanye katika mililita 2 tu za kalsiamu baridi.

Dalili ya mafanikio utaiona baada ya mzunguko wa pili: seli zilizoshikana chini ya chombo huwa zimetanda kama duara pana, na hutawanyika kwa urahisi. Zikitoka kwa madonge na nyuzinyuzi za kunata, zimepasuka na kumwaga DNA yao, anza upya.

Seli hizi zinaweza kukaa kwenye barafu hadi saa 24, na hupokea vizuri zaidi baada ya kulala humo kuliko zikitumika papo hapo. Kwa maabara zisizo na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri hiyo ndiyo njia, mradi barafu iongezwe usiku. Wenye friza hiyo watumie kalsiamu yenye gliseroli asilimia 15 katika mtawanyo wa mwisho, wagawe maikrolita 100 kwa kila kichupa na kugandisha mara moja. Friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri huziua seli polepole, na kichupa kilichoyeyushwa hakigandishwi tena.

Asiye na sentrifuji kabisa anaweza kuchota koloni moja kubwa kutoka kwenye sahani mpya na kuitawanya moja kwa moja katika maikrolita 250 za kalsiamu baridi. Atapata koloni chache zaidi, lakini kwa plasmidi safi njia hiyo hufanya kazi, nami huitumia kwa madarasa ya shule.

## Hatua ya 5: Changanya seli na DNA

Weka vichupa vitatu kwenye barafu, kila kimoja kikiwa na maikrolita 100 za seli pokezi. Cha kwanza kipate plasmidi yako. Cha pili kisipate DNA yoyote, bali maikrolita 1 ya maji. Cha tatu kipate maikrolita 1 ya pUC19, yaani nanogramu 1.

DNA isizidi maikrolita 5 katika maikrolita 100 za seli, kwa sababu chumvi zinazokuja nayo hupingana na kalsiamu. Kuongeza DNA nyingi kwa matumaini ya kupata koloni nyingi ni kosa la kawaida. Nanogramu 1 hadi 10 za plasmidi safi zinatosha. Gusa kichupa kwa kidole mara mbili ili vichanganyike, kisha kiache kwenye barafu dakika 30 bila kukisogeza.

## Hatua ya 6: Sekunde 45 za joto

Maji yenye nyuzi 42 yawe tayari kabla ya zile dakika 30 kuisha. Kama huna beseni la maabara lenye kidhibiti, tumia chombo chenye lita 2 au zaidi, kilichofunikwa pande zote ili kisipoteze joto, na kipimajoto kikining'inia katikati. Maji machache hupoa pale tu vichupa vya barafu vinapoingia.

Ondoa vichupa kwenye barafu na uvitumbukize kwenye maji kwa tendo moja, mpaka usawa wa seli uwe chini ya usawa wa maji. Hesabu sekunde 45 kwa saa, si kwa kukisia. Virudishe kwenye barafu papo hapo, uviache dakika 2.

Nimewaona wanafunzi wakivibeba vichupa mkononi kutoka meza moja hadi nyingine. Kwa mwendo huo seli hupata joto la mkono kwanza, kisha joto la chumba, kisha nyuzi 42 kwa ngazi, na mshtuko unakuwa haupo tena. Beseni la barafu na chombo cha maji vikae ubavu kwa ubavu. Maji yakifika nyuzi 45 au zaidi, seli nyingi hufa. Yakiwa 39, chache sana hupokea.

## Hatua ya 7: Zipe seli nafasi ya kupumua

Ongeza maikrolita 900 za mchuzi usio na dawa katika kila kichupa, kisha uviweke nyuzi 37 kwa saa moja, vikitikiswa polepole. Seli iliyopokea plasmidi bado haijatengeneza kimeng'enya cha kuvunja ampisilini. Ikimwagwa kwenye dawa sasa hivi itakufa ikiwa imebeba jeni ya kujikinga ambayo haijapata muda wa kuitumia. Kuiruka hatua hii ili kuwahi kufunga maabara kunakupotezea siku mbili.

## Hatua ya 8: Tandaza kwenye sahani nne

Tandaza maikrolita 100 kwa kila sahani kama ifuatavyo:

- Sahani A: seli zenye plasmidi yako, kwenye agari yenye ampisilini.
- Sahani B: seli zisizo na DNA, kwenye agari yenye ampisilini.
- Sahani C: seli zisizo na DNA, kwenye agari isiyo na dawa.
- Sahani D: seli zenye pUC19, kwenye agari yenye ampisilini.

Kijiti kikichomwa kwa spiriti kiache kipoe; ukikigusisha kwenye agari kikiwa cha moto utaziua seli mwenyewe. Sahani zikishanyonya maji, zipindue na uziweke nyuzi 37 kwa saa 16 hadi 18. Umeme ukikatika, sahani zihamishiwe kwenye sanduku lenye chupa za maji vuguvugu. Zikikaa katika joto la chumba cha hapa zitaota vilevile, ila zitachukua hadi saa 24 au zaidi.

## Hatua ya 9: Zisome sahani zote nne kwa pamoja

Sahani moja peke yake haisemi kitu. Zipange mezani, kisha soma.

B ikiwa tupu, C ikiwa imefunikwa yote kwa utando mweupe, na D ikiwa na koloni zilizotengana, kazi yako ni sahihi, na chochote kilicho kwenye A kinaaminika.

B ikiwa imeota kama C, ampisilini haipo au imekufa. Usihesabu chochote kwenye A wala D, hata kama koloni zinapendeza. Rudi kwenye hatua ya 2.

C ikiwa tupu, seli zimekufa kabla ya kufika kwenye sahani. Chunguza joto la mshtuko, chumvi ndani ya barafu, na kijiti kilichokuwa cha moto.

C ikiwa imejaa lakini A na D zote tupu, seli ziko hai ila hazikuwa tayari kupokea. Hali hii ndiyo ninayoiona mara nyingi kuliko zote hapa kwetu, na sababu yake karibu kila mara ni baridi iliyopotea, seli zilizozidi umri, au kalsiamu iliyonyonya unyevu. Chunguza kwa mpangilio huohuo.

D ikiwa na koloni na A ikiwa tupu, mbinu yako haina kosa. Plasmidi yako ndiyo yenye tatizo. Pengine haikufungwa duara baada ya kupachikwa jeni, pengine ina chumvi nyingi, au pengine imebeba kinga ya dawa nyingine kabisa. Mwalimu mmoja aliyekuja kwangu amekata tamaa alikuwa na plasmidi yenye kinga ya kanamisini, na kwa mihula miwili alikuwa akiitandaza kwenye ampisilini. Sahani D ingemwonyesha hilo tangu siku ya kwanza.

Ukiona koloni kubwa lililozungukwa na vijikoloni vidogo sana, chukua lile kubwa tu. Kimeng'enya chake kimevunja dawa iliyo jirani, na vile vidogo ni bakteria wasio na plasmidi walioota katika eneo lililosafishwa. Huongezeka sahani zikiachwa zaidi ya saa 20.

Sasa kokotoa ubora wa seli zako kwa sahani D. Ulitia nanogramu 1 ya pUC19, jumla ikawa mililita 1, ukatandaza sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo sahani ilipata nanogramu 0.1, ambayo ni maikrogramu 0.0001. Ukihesabu koloni 150, gawanya 150 kwa 0.0001 upate 1,500,000 kwa kila maikrogramu. Kwa njia ya kalsiamu hicho ni kiwango kizuri. Kikiwa chini ya 100,000, bado utaweza kunakili plasmidi safi, lakini usizitumie seli hizo kwa plasmidi iliyopachikwa jeni jana, maana hutapata kitu.

## Hatua ya 10: Thibitisha, kisha hifadhi

Koloni kwenye ampisilini linathibitisha kuwa plasmidi imeingia, si kuwa jeni yako imo ndani yake. Ukiwa umeongeza kwenye sahani kemikali ya X-gal pamoja na IPTG, pUC19 tupu huleta koloni za buluu, na iliyopachikwa jeni katikati ya eneo lake huleta nyeupe. Hata hivyo nyeupe ni dalili tu.

Chukua koloni nne au tano, kila moja uifute kwenye sahani mpya yenye ampisilini, kisha uikuze katika mililita 5 za mchuzi wenye ampisilini usiku mmoja. Toa plasmidi, uikate kwa EcoRI, kimeng'enya kinachokata DNA mahali maalumu, na uipitishe kwenye jeli inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu wake. pUC19 isiyo na kitu hukatwa mahali pamoja tu, hivyo utaona mstari mmoja karibu na jozi 2,700. Yenye jeni yako itakuwa ndefu zaidi, au itatoa mistari miwili, kulingana na namna ulivyoipachika.

Mchuzi wa koloni lililothibitishwa uchanganywe na gliseroli ifikie asilimia 15 hadi 20, uandikwe jina la plasmidi, aina ya bakteria na tarehe, kisha ugandishwe.

Sahani zote zilizobaki, vichupa, ncha na mchuzi visafishwe kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 30, au vilowekwe kwa nusu saa katika maji yenye sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu tisa za maji. Usiunganishe njia hizi mbili, kwa maana klorini ikipashwa joto hutoa gesi yenye sumu. Wala usimwage kitu kabla ya kukiua: bakteria hawa wamebeba kinga ya dawa ambayo watu hutibiwa nayo, na mitaro ya Malindi, kama ile ya vichochoro vya Lamu, haina safari ndefu kufika baharini.